Mdudu-koleo kwenye kopo: mwongozo kamili wa kutazama wanavyopandana, wanavyotaga na mama anavyolea

Geuza kumbi la nazi lililolala chini tangu mvua za kwanza za Desemba, hapa kwetu Mikindani, na mara nyingi utamkuta. Ni mdudu mwembamba wa kahawia iliyokolea, urefu wake kama sentimita moja na nusu, anakimbilia gizani huku ameinua mkia wenye koleo. Watoto hupiga kelele kwamba ni nge, na ndala hushuka. Lakini nge ana miguu minane na mwiba wa sumu. Huyu ana miguu sita, hana mwiba wala sumu, na koleo lake likikubana kidole utashtuka tu. Mimi humwita mdudu-koleo, na sijapata jina linalomfaa zaidi.

Nami nilikuwa nikimkanyaga kama wengine. Nikaja kugeuza kumbi moja pembeni mwa tuta la mchicha, nikamkuta amesimama juu ya kifungu cha mayai meupe, madogo kuliko punje za ulezi. Hakukimbia. Alinielekezea koleo akabaki palepale, na niliposogeza kidole alianza kubeba mayai mdomoni, moja moja, kuyapeleka ndani zaidi. Nililirudisha kumbi taratibu. Tangu siku hiyo nimewafuga kwenye makopo kwa misimu mitano, na hapa naandika namna ya kufanya ili uone mambo yote, kuanzia wanavyopandana hadi mama anapoachana na watoto wake. Hakuna kifaa cha kununua dukani ambacho huwezi kukikosa.

Kuwapata

Msimu mzuri ni kuanzia Desemba hadi Aprili, ardhi ikiwa na unyevu. Tafuta chini ya makumbi, vifuu, mawe, magome ya mgomba yaliyoanguka na marundo ya majani yanayooza. Usichukue chini ya mikorosho iliyopuliziwa dawa karibuni. Pia usipoteze muda chini ya mti wenye majimoto, kwa sababu sungusungu hao wekundu hawaachi kitu kinachotembea.

Mtego wangu ni kifuu. Jioni, finyanga dagaa wachache waliosagwa na matone ya mafuta ya nazi, paka ndani ya kifuu, kifunike kifudifudi kwenye udongo wenye unyevu na uache nafasi ndogo ya kuingilia. Alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, nyanyua kifuu na ukikung'ute ndani ya ndoo. Gazeti lililoviringishwa na kuloweshwa hufanya kazi hiyohiyo.

Aina mbili ndizo zinazofaa kuanzia. Ya bustanini ninayoizungumzia zaidi ni *Euborellia annulipes*, iliyoenea nchi za joto duniani kote. Hana mbawa kabisa, miguu yake ni ya rangi ya majani makavu yenye pete nyeusi, na kwenye vipapasio vyake, karibu na ncha, kuna pingili moja au mbili nyeupe. Ukiziona hizo nyeupe, hujakosea. Aina ya pili ni ya pwani, *Labidura riparia*, mkubwa zaidi, hufika sentimita mbili na nusu au zaidi. Huyu huchimba mashimo kwenye mchanga, na utampata ufukweni chini ya magogo na mwani uliotupwa na maji ya bamvua. Ukimsumbua hutoa harufu ya kitu kilichooza, kwa hiyo mweke barazani, si chumbani.

Chukua kumi hadi kumi na tano. Wabebe kwenye chombo chenye majani mengi ya kujifichia, maana wakirundikana mahali peupe watabanana na kujeruhiana.

Nyumba yao

Makopo ya siagi ya plastiki yanatosha, moja kwa kila jozi. Toboa mfuniko matundu madogo kwa pini, si kwa msumari, la sivyo watoto wa siku ya kwanza watapita.

Udongo ndio sehemu ambayo wengi huharibu. Changanya mchanga kiasi kimoja na udongo wa bustani viwili, uukaange kwenye karai kuukuu mpaka utoe mvuke ili mayai ya utitiri na sisimizi yafe, kisha uuache upoe kabisa. Ongeza maji kidogo kidogo. Ufinyange kiganjani: ukishikamana bila kuchuruzika maji uko sawa. Ukimeguka ni mkavu, na mayai yatasinyaa. Ukichuruzika, ukungu utakutangulia. Jaza kopo hadi nusu.

Sasa weka kipande cha kioo bapa juu ya udongo, kikubwa kama nusu ya kopo, kingo zake zimesuguliwa kwenye jiwe zisikukate. Mdudu huyu hupenda mgongo wake uguse kitu, kwa hiyo atachimba chumba chake chini ya kioo hicho. Juu ya kioo laza kipande cha boksi ili pawe giza. Ukitaka kumwona unanyanyua boksi, kioo hukigusi. Mpangilio huu mdogo ndio utakaokuwezesha kuona kila kitu kuanzia mayai na kuendelea.

Meza au stuli unayoweka makopo, isimamishe miguu yake ndani ya vikopo vyenye maji, kama tunavyofanya kwa kabati la chakula. Msimu wa kwanza sikufanya hivyo. Nilipoteza makopo matatu yenye mayai kwa sisimizi usiku mmoja.

Chakula

Hula karibu kila kitu, na hilo ni bahati. Mimi huwapa chakula cha vifaranga kilichosagwa, dagaa waliopondwa, na kipande cha tango au boga. Watafiti wa Brazil wanaomfuga *annulipes* kwa wingi maabara hutumia chakula cha vifaranga kilichochanganywa na maziwa ya unga. Mara moja moja watupie vidukari kutoka kwenye kunde. Utaona wanavyowawinda, na windo likiwa kubwa kidogo hulishika kwa koleo kwanza kisha hujipinda kulila. Chakula kiwekwe kwenye kizibo cha soda na kiondolewe kila baada ya siku mbili. Maji yawe kwenye pamba iliyoloweshwa. Usiweke bakuli, kwani watoto watazama.

Dume na jike

Mwingize mdudu kwenye mrija angavu wa plastiki au kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa kwa vijiti vya kiberiti. Tazama koleo. La jike limenyooka, pande zake mbili zinaenda sambamba na karibu zinagusana. La dume limepinda, na kwa *annulipes* upande wa kulia umepinda kuliko wa kushoto, kitu unachoweza kukiona kwa macho matupu ukishazoea. Kwa *Labidura* wa pwani koleo la dume ni refu, limeachana, na lina kijino upande wa ndani.

Ukibaki na shaka hesabu pingili za tumbo kwa kioo cha kukuza. Dume ana kumi zinazoonekana, jike nane. Wachanga wote wana koleo lililonyooka, kwa hiyo usiamue jinsia ya mdudu ambaye hajakomaa.

Kuna jambo la kukumbuka hapa. Jike uliyemtoa bustanini huenda alishapandwa, kwa sababu huhifadhi mbegu za kiume ndani ya mwili wake kwa muda mrefu na anaweza kutaga zaidi ya mara moja kwa mbegu hizohizo. Ukitaka kuona tu mayai na malezi, hilo ni jema, utapata matokeo mapema. Ukitaka kuwa na hakika nani ni baba, lea watoto mpaka wakomae, uwatenge kila mmoja peke yake kabla ya kujibua (kuvua ngozi ya nje) mara ya mwisho, kisha uwakutanishe mwenyewe.

Usiku wa kupandana

Funga kitambaa chekundu kwenye tochi. Wadudu wengi hawaoni vizuri mwanga mwekundu, na hawa huendelea na mambo yao kana kwamba ni giza. Mwingize dume kwenye kopo la jike saa moja jioni, ondoa boksi, ukae kimya.

Mwanzoni hugusana kwa vipapasio. Dume akivutiwa hugeuka na kumwendea kinyumenyume, akimpapasa jike kwa koleo lake, akitikisa tumbo. Jike asiyetaka hukimbia au humbana. Ukiona amembana mara mbili tatu kwa nguvu, mwondoe dume ujaribu kesho. Anayekubali husimama tu, huenda hata akaendelea kula. Hapo dume husukuma ncha ya tumbo lake chini ya tumbo la jike, akaligeuza juu chini ili sehemu zikutane, na mwisho wake wanaonekana mkia kwa mkia, vichwa vikitazama pande tofauti. Watu wengi hudhani koleo ndilo linalomshika jike. Hapana. Koleo ni la kupapasa, kuonyesha, kugombana na madume wengine na kukamatia windo, na wakati wa kupandana hubaki limelala kando.

Huenda wakakaa dakika chache tu, wakaachana, wakarudiana tena na tena usiku huohuo. Usidhani mara ya kwanza imeshindwa. Ili uelewe kwa nini hurudia, ingia kidogo ndani ya miili yao. Jike wa kundi la *Euborellia* ana mrija mwembamba sana wa kuhifadhia mbegu, uliojikunja, mrefu kuliko mwili wake. Dume naye ana uume mwembamba kama uzi, urefu wake karibu sawa na mwili mzima. Mtafiti wa Kijapani Yoshitaka Kamimura aliwachunguza jamaa wa karibu wa huyu wa kwetu, *Euborellia plebeja*, akaonyesha kwamba dume anapouchomoa uume huo hukokota nje sehemu ya mbegu zilizoachwa na dume aliyemtangulia. Kila mara hutoa kidogo tu. Basi anayerudia mara nyingi ndiye anayejipatia nafasi ya kuwa baba.

Na uume huo hukatika. Mwaka 2001 Kamimura na mwenzake Matsuo walieleza kwamba dume akibughudhiwa katikati ya tendo, uume unaweza kuvunjika na kubaki ndani ya jike. Lakini dume wa jamii hii ana viungo viwili, na ule wa akiba hufanya kazi sawasawa. Kwa *Labidura riparia* Kamimura alikuta pia kwamba madume walio wengi, karibu tisa katika kila kumi, huweka wa kulia tayari kwa kazi, ingawa wa kushoto nao ni mzima. Hata leo sifungui kopo lao bila kuyakumbuka hayo.

Kwa hiyo, kwa vitendo: wakiwa wameungana usiwatenganishe, usisogeze kopo, usimulike tochi nyeupe, usigonge meza. Kama nyumba ina watoto wenye shauku, wakae nyuma yako, watazame kwa zamu.

Waache pamoja siku tatu hadi tano. Kisha mwondoe dume. Jike anayekaribia kutaga humfukuza mwenyewe, na kwenye kopo dume hana pa kukimbilia. Dume aliyebaki pia anaweza kuyala mayai.

Mayai, na kazi ngumu ya kutofanya lolote

Jike hunenepa, huacha kutembeatembea, huanza kuchimba chini ya kioo. Kwangu wengi wametaga kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya kukutana na dume. Chumba anachotengeneza ni cha mviringo, kuta zake zimesindikwa zikalainika. Hapo hutaga kifungu kimoja, kwa *annulipes* kwa kawaida kama mayai 50. Ni meupe ya maziwa na yana urefu usiozidi sana milimita moja.

Kuanzia saa hiyo ondoa mkono wako. Huu ndio moyo wa mwongozo wote. Mama ndiye dawa ya mayai hayo. Huyaramba moja baada ya jingine, huyageuza, huyapanga upya, huyahamisha udongo ukikauka au kulowa mno. Mayai ya mdudu-koleo yaliyoachwa bila mama kwa kawaida huvamiwa na ukungu yakafa, hata unyevu ukiwa sawa. Niliwahi kuchukua kifungu kutoka kwa mama aliyekufa, nikakiweka kwenye pamba safi, nikakilinda kama mtoto mgonjwa. Siku ya nne kilikuwa na manyoya meupe ya ukungu.

Lakini mama huyohuyo akibughudhiwa sana hula mayai yake. Nimelishuhudia hilo na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikinyanyua kioo kila asubuhi niyahesabu. Siku ya kwanza yalikuwa 47, ya tatu 31, ya tano hakukuwa na hata moja, na mama alikuwa ametulia pembeni tumbo limejaa. Iliniuma sana. Tangu hapo sheria ya nyumbani ni boksi kunyanyuliwa mara moja kwa siku, jioni, kwa taa nyekundu, muda usiozidi dakika mbili. Kioo hakinyanyuliwi mpaka watoto watoke.

Usimlazimishe kula. Mama wa *Labidura* huacha kabisa kula akiwa na mayai. Wa *annulipes* huenda akatoka kidogo usiku. Acha kipande kidogo cha dagaa mbali na shimo, kibadilishwe kimya kimya. Unyevu uongeze kwa matone pembeni ya kopo, upande usio na mayai, ili maji yasambae yenyewe.

Kuna jaribio moja ninaloliruhusu, kwa mama mmoja tu kati ya wote ulio nao, na mara moja tu. Mwanasayansi wa Sweden, Charles De Geer, aliandika mwaka 1773 kwamba alitawanya mayai ya mdudu-koleo wa Ulaya na mama akayakusanya yote tena. Chukua unyoya wa kuku, sukuma mayai kadhaa yatoke kwenye kifungu, funika, ukae robo saa. Ukirejea utakuta anayabeba kwa mdomo, moja moja, mpaka la mwisho. Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka mingi ambaye alikuwa hataki hata kusikia habari za wadudu wangu, aliona hilo akaniambia, "Mwanangu, huyu naye ni mzazi." Hajakanyaga mmoja tena.

Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 17, kwa kutegemea joto. Januari yetu ya Mtwara huharakisha, Juni na Julai huchelewesha. Dalili zake ni kwamba mayai huvimba, yakapinda kidogo kama figo, na madoa ya macho huonekana kupitia ganda. Ukiona macho, andaa chakula laini.

Watoto

Hutoka wakiwa weupe, macho meusi, wamejaa chini ya mama kama punje za mchele. Saa chache baadaye huanza kukolea rangi. Hakuna buu wala bundo hapa kama kwa kipepeo. Mtoto ni mdudu-koleo mdogo tangu siku ya kwanza, naye hukua kwa kujibua. *Annulipes* kwa kawaida hupitia hatua tano za utoto kabla ya kukomaa, kwa jumla kama miezi miwili kukiwa na joto. Kila anapojibua huwa mweupe tena na laini. Hapo wenzake wanaweza kumla, kwa hiyo tandaza vipande vya makumbi vya kutosha kujifichia.

Mama huwalinda siku za mwanzo, na wao hurudi chini yake wakishtuka. Katika aina nyingine mambo huenda mbali zaidi. Mama wa *Forficula auricularia* wa Ulaya huwatapikia watoto chakula. Wa *Anechura harmandi* wa Japani hufa akiwa na watoto wake, nao humla, na hivyo ndivyo wanavyoanza maisha wakiwa na nguvu.

Wa kwetu habaki hivyo. Baada ya wiki moja hivi utaona amebadilika: anawasukuma, anawabana, anaanza kuzunguka kutafuta chakula chake. Hiyo ndiyo siku ya kumtoa, kwa sababu mtoto atakayebaki karibu naye anaweza kuliwa. Msogeze kwa karatasi, si kwa vidole. Mweke kopo jipya lenye udongo mpya, na usishangae akitaga tena baada ya wiki chache bila kuona dume.

Watoto wapewe chakula cha vifaranga kilichosagwa kuwa unga, kidogo kila siku. Wakifika hatua ya tatu wagawe, wasizidi kumi kwa kopo.

Kuwarudisha bustanini

Mimi hubaki na jozi mbili na wengine huwaachia. Wana kazi huko. Hula vidukari, mayai ya wadudu na viwavi wachanga, na huko Brazil wamechunguzwa dhidi ya kiwavijeshi vamizi, yuleyule aliyeingia Tanzania mwaka 2017 na anayetobolea mahindi yetu hadi leo. Sitakuambia kwamba watamaliza viwavi shambani. Tena wakiwa wengi na chakula kikiwa haba hung'ata miche laini, kwa hiyo usiwamwage kwenye kitalu. Waweke kwenye mahindi yenye urefu wa magoti au kwenye kunde zenye vidukari.

Wapeleke magharibi, jua likishatua na kuku wakishaingia bandani. Lowesha udongo, laza makumbi matano au sita upande wenye nyuzi ukiwa chini, waachie hapo na usichome majani yaliyo karibu msimu huo wote. Baada ya mwezi, inua kumbi kwa upande mmoja tu, taratibu. Ukiona kitu cheupe chini yake na koleo limekuelekea, lishushe kama lilivyokuwa.